Mtu wa Kushika Goti

4 Februari

Mdogo wangu Mzigo,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na binti yetu, ambaye kwa hesabu yangu sasa ananipita urefu. Mimi sijambo. Nimekuita Mzigo makusudi, ili ukumbuke ni nani aliyekubeba mgongoni miaka mitatu hadi mlango wa darasa kwa sababu ya ule mguu wako uliopinda, na usijitie hamnazo nikikwambia ninachotaka.

Habari za hapa ni zile zile. Mama wa mlango wa pili alihama mwezi uliopita, amemfuata mwanawe, na mlango umetiwa kufuli kubwa. Redio yake ilikuwa inapenya ukutani nami naitukana kila asubuhi. Sasa asubuhi nasikia birika langu tu. Shemeji yako, kama hukumbuki, ametimiza miaka minane tangu atutoke.

Kiwandani bado niko chumba cha kusokota nyuzi. Mashine zile ni ndefu kama uchochoro, nami naenda na kurudi katikati yake zamu nzima, uzi ukikatika naufunga, bobini ikijaa naitoa. Msimamizi wetu, mtu wa utani, alinihesabia hatua siku moja, akasema kwa zamu moja natembea hadi mji wa jirani na kurudi bila kutoka mlangoni.

Sasa ninachotaka. Mguu wangu wa kushoto umelala bapa, unyayo wote uko chini, na ikifika saa nane mchana unaniwaka moto mpaka gotini. Huo ndio mguu niliokuwa nikiuegemea nilipokubeba, kwa hiyo usiniulize nani ameuharibu. Wa kulia hauna neno, haunisumbui kabisa. Lakini nachechemea. Na wametangaza kwamba mwezi wa sita daktari wa kampuni atawakagua wote waliovuka hamsini na tano, na anayechechemea atapumzishwa.

Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nielewe vizuri, si mshahara unaonikosesha usingizi. Mle ndani kuna watu sitini wanaoniita kwa kupiga kelele kutwa nzima, maana mashine zinanguruma. Nyumbani hakuna wa kuniita hata kwa kunong'ona. Wakinipumzisha nitabaki na kuta nne, tutazamane.

Wewe ndiye fundi wa viatu vya tiba. Nitengenezee zile soli za kuweka ndani ya kiatu unazowatengenezea watu baki. Ningekuja mwenyewe unipime, ila mwaka ule nilipotaka kuja ulisema nyumba imejaa, na mimi si mtu wa kuuliza mara mbili.

Dada yako

Wifi zamani alikuwa akiongeza mstari wake chini ya barua, kwa kalamu ya kijani. Barua zako za miaka hii miwili hazikuwa nao. Mwambie kama wino umekwisha nitamtumia kalamu nyingine.


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma nikicheka peke yangu kama mwehu. Nyumbani hatujambo. Wifi yako anakusalimu, ana shughuli nyingi siku hizi. Binti anasoma.

Soli nitakutengenezea, wala huhitaji kunikumbusha mgongo wako. Nimekutumia kifurushi. Ndani kuna visanduku viwili vya karatasi ngumu vyenye povu la waridi, lile ambalo ukilibonyeza linabaki na alama. Kimoja kinatosha miguu yote miwili. Cha pili ni cha akiba, kwa sababu wewe nakujua, hufuati maelekezo.

Fuata haya. Vua viatu na soksi. Osha miguu, ikauke. Kaa kwenye kiti, goti likunjike vizuri, kisanduku kiwe chini sakafuni. Kisha mtu mwingine ainame mbele yako, ashike goti lako kwa mkono mmoja na kifundo cha mguu kwa mkono wa pili, na yeye ndiye aushindilie mguu ndani ya povu, polepole, moja kwa moja. Wewe tulia tu, mguu umwachie yeye. Ukisimama mwenyewe juu yake, vidole vinakunjana na uzito unakimbilia nje, na mimi nitatengeneza soli za mguu ambao si wako. Tafadhali tafuta mtu wa kushika goti.

Karakana yangu ni chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta. Nyayo za plasta za wateja wangu zimejaa kwenye rafu, kila mmoja na namba yake kisiginoni. Juzi nilizihesabu. Zimefika mia nne na kumi, na nikizima mashine ya msasa hakuna anayekohoa.

Mzigo wako


19 Machi

Mzigo,

Marahaba. Nimefurahi mko salama. Mimi sijambo, mvua imetushika na bomba la jikoni linavuja, nimeliwekea sufuria na kitambaa ndani yake ili lisitoe sauti.

Kisanduku hicho hapo. Nimefuata kila ulichosema. Mama wa mlango wa pili alikuja akanishikia goti, akanisukuma mguu kwa nguvu kama anayekanyagia nguo kwenye beseni, na tulicheka sana. Kwa hiyo usiseme sifuati maelekezo.

Nilijionea ajabu kuona alama ya miguu yangu. Mtu anaishi na miguu yake miaka hamsini na minane, halafu siku moja anaiona upande wa chini kama ya mtu mwingine.

Fanya haraka, ukaguzi si mbali. Kiwandani wameanza kutuangalia tunavyotembea. Msimamizi ananipa bobini nyepesi bila kusema kitu, na nikimtazama anageuka pembeni. Afadhali angenitania.

Kidonda cha mdomo kimeniisha, kile nilichokutajia mwaka jana. Sukari yangu iko sawa, vidonge nakunywa.

Dada yako

Binti anasoma wapi? Hukusema.


30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na kazi za watu. Nyumbani wote wazima.

Soli hizi hapa. Nikueleze nilivyofanya, maana ulizoea kuniuliza kila kitu nilipokuwa mdogo na sasa ni zamu yangu kujidai. Nilimimina plasta kwenye alama zako, ikaganda, nikapata nyayo zako mbili kamili mezani. Wa kushoto umelala kweli, uliyosema ni haki. Nimeupandishia upinde kidogo tu. Ukipandishwa sana kwa mara moja utalia. Chini nimeweka mpira mgumu, katikati sponji, juu ngozi laini.

Povu lilikuwa na mistari midogo midogo, nadhani hukuvua soksi. Na kwenye wa kulia, chini ya kidole gumba, kulikuwa na alama ya mraba, kama sentimita tatu. Nadhani ni mkunjo wa soksi. Nimeilainisha kwa msasa na hapo pako sawa.

Zivae saa moja siku ya kwanza, saa mbili siku ya pili, hivyo hivyo mpaka wiki mbili zipite. Kila ukivua tazama ngozi. Usizivae zamu nzima kabla ya wakati.

Msalimie mama wa mlango wa pili.

Mzigo wako


16 Mei

Mzigo wangu,

Mungu akuweke. Mikono yako haina mfano. Nilizivaa asubuhi ile ile nilipozipokea na sijazivua ila kulala. Najua ulisema saa moja moja, lakini mimi na saa moja moja wapi na wapi. Mguu wa kushoto uliniuma siku nne halafu ukatii. Sasa natembea kama bibi harusi. Juzi msimamizi aliita kutoka ncha ya pili ya mashine, "Bibi, umebadilishwa miguu?" Chumba kizima kikacheka. Nilirudi nyumbani nikiwa bado natabasamu, nikapanda ngazi zote arobaini na mbili bila kushika ukuta, nikafungua mlango, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna wa kumsimulia. Kwa hiyo nakusimulia wewe.

Na wa kulia ndio usiseme. Haunibani wala haunichomi, kwa kweli huko chini sisikii kitu chochote. Ni kama nimekanyaga pamba. Hata jana msumari mdogo wa meza ulikuwa umeingia ndani ya kiatu, niliuona jioni nilipovua, kutwa nzima nimetembea nao na sikujua. Nilicheka mwenyewe. Soli zako zina uganga.

Ukaguzi ni tarehe kumi na nne ya mwezi ujao. Sina wasiwasi.

Dada yako


27 Mei

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, barua hii naipeleka posta mwenyewe leo hii.

Ule msumari hauchekeshi. Mguu usiosikia msumari umekufa ganzi, na sukari ndiyo inayofanya hivyo. Naomba ufanye mambo mawili. Toa soli ya kulia, itazame juu, sehemu ya kidole gumba. Kama kuna doa lolote, hata la maji maji, usiivae tena. Kisha weka kioo chini, uinue mguu juu yake kidogo, utazame unyayo wako. Kama huwezi kuinama, mwambie mtu akutazamie.

Halafu nenda zahanati kesho yake, iwe una doa au huna. Nijibu upesi, hata mstari mmoja. Neno "nimekwenda" linanitosha.

Mzigo wako


20 Juni

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Labda barua zimepishana njiani. Ukaguzi umepita, nieleze ulikwendaje.

Nipo. Leo mvua haikunyesha.

Mzigo wako


25 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimepiga simu kiwandani kwenu mara tatu. Mara ya kwanza walisema hakuna mtu kama huyo. Mara ya pili nilisikia mashine zikinguruma na mtu akipiga kelele "Nani? Nani?" mpaka laini ikakatika. Mara ya tatu alipokea mwanamume, nikamtajia jina lako, akasema, "Yule bibi hayupo siku hizi." Nikamuuliza hayupo kivipi. Akasema, "Wewe ni nani wake?" Nikasema mdogo wake. Akasema, "Basi wewe ndiye wa kutuambia sisi."

Nilikata simu nikakaa karakana nimeshika mkono wa simu. Alikuwa na haki.

Dada, nilaumu kwa lolote, nitukane, lakini niandikie.

Mzigo


2 Septemba

Kwako mdogo wangu,

Salamu. Nisamehe kwa ukimya. Barua zako zote nilizipata. Nilizipanga juu ya meza kwa tarehe, na kila siku nilisema leo.

Hali ya hewa hapa ni nzuri. Bomba la jikoni wamelitengeneza.

Nilitazama soli kama ulivyosema. Doa lilikuwepo. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea, na ngozi ile nzuri uliyoweka ilikuwa imegeuka rangi. Niliitazama, nikaipangusa, nikaigeuza, nikairudisha ndani ya kiatu. Ukaguzi ulikuwa umebakiza wiki moja. Nilijiambia, wiki moja tu.

Daktari wa kampuni alituambia tutembee hadi dirishani na kurudi. Nilitembea vizuri kuliko wote, Mzigo. Aliandika "mzima" mbele yangu, nikaona kwa macho yangu. Siku tano baadaye msimamizi alinifuata katikati ya mashine, hakupiga kelele, alinigusa bega akanionyesha sakafu nyuma yangu. Kila hatua ya kulia ilikuwa imeacha alama. Nilikuwa nimetembea hivyo tangu asubuhi, kwenda na kurudi, na sikusikia chochote.

Alizima mashine yangu kwa mkono wake. Ndicho ninachokumbuka zaidi, jinsi ilivyonyamaza.

Hospitali nilikaa wiki tano. Yaliyotokea huko sitaandika. Nimekutumia kile kisanduku cha pili, cha akiba. Safari hii sikuvaa soksi, na sikuwa na shashi ya kufunika kidonda. Kidonda kimefunga, muuguzi mwenyewe ndiye aliyenishikia goti siku ya kuruhusiwa, na alishika kama ulivyosema. Tazama wa kulia. Utahesabu mwenyewe.

Kiwandani wamenipumzisha. Walinipa saa ya ukutani. Inatoa sauti, nimeitundika jikoni.

Dada yako

Mama wa mlango wa pili hakuwahi kunishikia goti. Nadhani ulijua.


25 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo.

Nimehesabu. Vinne.

Nilifungua kisanduku mezani karakana, mchana, na nilipoona pale kidole gumba kinapopaswa kuwa povu limekaa bapa, halijaguswa, nilifunga kifuniko nikatoka nje nikasimama kando ya ule ukuta. Nililia. Nina miaka hamsini na moja, mteja alinikuta hivyo, nikamwambia ni vumbi la plasta.

Sasa nitakuandikia jambo ambalo sikuliandika mwezi wa nne, na ukitaka usome hadi hapa tu uchane barua, nitaelewa.

Niliona. Siku ile ile nilipofungua kisanduku cha kwanza niliona. Mkunjo wa soksi hauna kona nne. Mimi ni fundi wa kazi hii miaka ishirini na sita, na alama ile naijua hata gizani kwa kupapasa, ni shashi iliyofunika kidonda chini ya kidole gumba cha mtu mwenye sukari. Mteja baki akiniletea mguu wa hivyo, siugusi. Namwambia nenda hospitali kwanza, rudi kimepona. Nimewarudisha watu wengi mlangoni, wengine wamenitukana, na sikuwahi kujali.

Wako nilichukua msasa nikaulainisha. Nilisimama pale na ile plasta mkononi, nikasugua mraba ule mpaka ukaisha, kisha nikatengeneza soli bapa mahali palipotakiwa kuwa na shimo. Kila hatua uliyokanyaga ilikuwa inagonga kidonda. Ulivaa soksi, ni kweli, na ulinidanganya kuhusu jirani, lakini wewe hukujua unachofanya. Mimi nilijua. Hata vidole vyako vilikuwa vimekunjana kama vya mtu aliyesimama peke yake, na wewe mwenyewe ulikuwa umeniandikia mwezi wa pili kwamba mama yule amehama. Halafu nikakuandikia umsalimie.

Kwa nini? Nimejiuliza swali hilo kila siku tangu yule mwanamume aniambie hupo. Jibu si zuri. Kama ningekuuliza, "Dada, una nini mguuni?" wewe ungenijibu, kisha ungeniuliza, "Na wewe je?" Hiyo ndiyo kawaida yako. Nami nilikuwa sitaki kuulizwa.

Wifi yako aliondoka. Mwaka huu ni wa tatu. Hatukugombana sana, alisema tu kwamba amechoka kuishi na mtu anayezungumza na nyayo. Binti alikwenda naye, ananipigia simu siku za sikukuu, anaongea kwa adabu kama anayeongea na mwalimu. Hiyo kalamu ya kijani ipo, aliiacha kwenye droo. Niliwahi kuishika niongeze mstari chini ya barua kwa mwandiko wake, nikaona aibu.

Na mwaka ule ulipotaka kuja, nikakwambia nyumba imejaa, ndiyo kwanza alikuwa ameondoka. Nyumba ilikuwa na mimi na meza na viti vitatu vya bure. Nilikuwa sitaki uone. Wewe ulinibeba miaka mitatu ili niwe mtu, na nilitaka ukifika ukute mtu mwenye nyumba iliyojaa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Jambo la namna hii mtu analisema akiwa mbele ya mwenzake.

Soli mpya sitazituma. Mguu wenye vidole vinne unahitaji kujazwa pale palipopungua, la sivyo kiatu kitakunjika na kukukata tena, na kazi hiyo haifanywi kwa posta. Nitafunga karakana. Nitaandika kwenye mlango kwamba fundi amesafiri, na kwa mara ya kwanza maneno hayo yatakuwa ya kweli. Nitachukua povu, plasta, visu vyangu na ngozi. Nitafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, kama hutanikataza. Goti nitashika mimi.

Mdogo wako


6 Oktoba

Mzigo,

Marahaba.

Barua yako niliisoma Jumatatu nikaitupa kwenye pipa. Jumanne nikaitoa, ikiwa na majani ya chai. Nimekasirika. Nataka ujue kwamba nimekasirika, na Jumamosi ukifika nitakuwa bado nimekasirika, kwa hiyo usije na zawadi za kunilainisha. Ulikiona kidonda changu ukakifuta, wewe niliyekupangusa hadi makamasi. Kidole kile kilikuwa changu, nilikuwa nacho tangu kuzaliwa. Kuna siku kinaniwasha, na nikinyoosha mkono nikikune sikikuti.

Lakini hata mimi nilivaa soksi. Niliiona shashi, nikaiona soksi drooni, nikaivuta juu yake ili wewe usiione. Na ile soli yenye doa niliirudisha kiatuni kwa mikono yangu hii. Nilikuwa nakuficha wewe ili wasinipumzishe, na wewe ulikuwa unanificha mimi ili nisijue uko peke yako. Nimewaza jinsi tulivyokuwa tukiandikiana, mwaka baada ya mwaka, wote hatujambo, wote wazima, na kila mmoja anasikia birika lake.

Ungeniambia kuhusu wifi, ningekuja kwa miguu. Wakati ule nilikuwa nayo.

Sikukatazi. Ukishuka kituoni fuata barabara yenye duka la vioo, pinda kwenye ukuta wa kiwanda. Utasikia mashine. Jengo letu ni la tatu. Ngazi ni arobaini na mbili, sehemu ya kushikilia imeng'oka ghorofa ya pili. Wewe una ule mguu wako na mimi nina huu wangu, kwa hiyo tutapanda taratibu, safari hii hakuna wa kumbeba mwenzake. Nitakusubiri chini.

Nina viti viwili. Kimoja nakalia. Cha pili kilikuwa kimebeba nguo za shemeji yako kwa miaka minane, nimezikunja leo nikazitia sandukuni. Nimekifuta. Kipo mbele ya changu, karibu, mahali anapokaa mtu wa kushika goti.

Dada yako